Pride ya Manchester na mvua yake: usirudi Jumapili

Nianze na hili kabisa manake najua wengi mtasoma mwanzo tu alafu mwende mkakate tiketi. Kama unapanga wikendi ya Pride Manchester, ile sherehe ya watu wa mapenzi ya jinsia moja na wenzao, usikate basi la kurudi Jumapili. Omba off mapema, kaa mpaka Jumatatu usiku, hata kama usiku huo wa mwisho utalala kwa sofa ya mtu. Jumamosi ni shangwe, Jumapili ni kula na kucheza, lakini Jumatatu ndio nilielewa tulienda kufanya nini kule.

Nilienda na mdogo wangu, kitinda mimba wa kwetu. Sisi ni watu wa Mombasa, mimi niko Leicester miaka sasa nafanya kazi ya kuhudumia wazee, yeye alikuja kusoma masta ya kompyuta akafikia kwangu. Habari zake nilikua nazijua tangu yuko shule, nikanyamaza, na yeye akajua kua najua naye akanyamaza, ikawa tunaongea kila kitu isipokua hilo. Siku aliyoniambia kwa mdomo wake tulikua jikoni mahamri yako kwa mafuta, nikamkumbatia na mikono yangu imejaa unga, na wiki ile ile nikaanza kutafuta basi la Manchester. Nasema haya mapema mjue anayewaandikia ni nani. Mimi si mtu wa klabu, mimi ni dada wa mtu.

Usafiri naupa alama zote. Kituo cha mabasi ya masafa kiko Chorlton Street, na Chorlton Street iko ubavuni mwa Canal Street, yani ndio mitaa yenyewe ya Gay Village yenye baa zao, unashuka na begi lako unatembea kidogo tu ushafika. Treni zinakushusha Piccadilly ambayo nayo si mbali kwa miguu, lakini ile ni bank holidei, Jumatatu ya mwisho ya Agosti, Uingereza nzima inasafiri, bei ya treni ilikua haishikiki. Ndani ya mji kuna tramu za manjano, unagusisha kadi ya benki kwa mashine ukipanda na unagusisha tena ukishuka, usisahau hiyo ya kushuka, na kuna basi la bure linalozunguka katikati ya mji ambalo tulilipanda mara 2 kwa sababu moja tu, kukauka.

Hoteli ya kulala sitaitaja. Tulilipa miezi 3 kabla na bado bei ilikua karibu mara 3 ya wikendi ya kawaida. Mlangoni wametundika bendera kubwa ya upinde wa mvua, chumbani dirisha halifungi sawasawa, usiku wa kwanza zulia likalowa mpaka karibu na kitanda. Niliposhuka kuwaambia nikapewa taulo 2 niweke pale chini, basi. Hakuna pahali pa kuanika hata soksi, radieta imezimwa ati ni majira ya joto. Iliniudhi kwa sababu watu wanaokuja wikendi ile wengine wamedunduliza mwaka mzima, wengine ndio mara yao ya kwanza kulala pahali bila kuogopa kugongewa mlango, na wewe umewatundikia bendera ukawapandishia bei, angalau wape chumba kikavu. Ningekua na akili ningelala Salford au Stretford huko nikaja na tramu.

Sasa mvua. Ilianza Ijumaa jioni tukiwa bado kwa basi na haikukatika vizuri mpaka Jumanne. Manchester inasifika kwa mvua lakini ukiangalia maji yenyewe, Mombasa kwa mwaka inapata mengi kuliko Manchester, kwetu inavuka milimita 1000 na kule mjini haifiki 900. Tofauti ni namna inavyoshuka. Yetu ya Mei inakuja kwa kishindo, inamwaga, mitaro inafurika, inakatika, jua linatoka na joto linarudi. Yao ni rasharasha ya siku nzima, haina haraka na mtu, inakuja kwa ubavu na upepo, mwamvuli unakinga kichwa na magoti yanalowa. Wazee wa kule wanakwambia hewa hiyo yenye unyevu ndio ilifanya viwanda vya pamba vikae pale, uzi ukiwa na unyevu haukatiki ovyo. Na hiyo pamba sisi tunaijua, manake zamani leso zetu (nyinyi wa Tanzania mnaita kanga) zilikua zikichapwa ng'ambo, India, Uholanzi, Uingereza, na Manchester ilikua moja ya miji iliyokua ikituletea nguo. Mimi nilikua nimebeba leso yangu moja begini kama ninavyobeba kila safari, imeandikwa JAPO SIPATI TAMAA SIKATI. Nitairudia hiyo leso.

Ushauri wa vifaa, na huu tumeulipia. Mwamvuli mdogo wa kukunja uache nyumbani, wetu uligeuka nje ndani ndani ya robo saa. Zile poncho za plastiki zinazouzwa barabarani zinapasuka kwapani ukiinua mkono mara 2, na Pride bila kuinua mkono haiwezekani. Nunua koti la mvua la maana lenye hood, la mitumba pia ni sawa, na buti au viatu visivyopitisha maji. Viatu vikilowa jaza magazeti ndani usiku, asubuhi vinavalika. Simu weka kwa mfuko wa plastiki wa kufunga. Rangi za usoni zinachuruzika, nimeona watu wamefika saa sita nyuso zina rangi sita, saa nane wote ni kijivu na bado wanacheka.

Gwaride lilikua Jumamosi saa sita mchana na halikua na kiingilio, unasimama tu kando ya barabara. Sisi tulisimama Deansgate chini ya kibaraza cha duka, tulifika saa nne na nusu na tayari mstari wa mbele umejaa, familia na watoto na mabibi na viti vyao vya kukunja. Lilipita kwa masaa, wauguzi, wazima moto, walimu, makanisa, watu wa mabasi, wafanyikazi wa maofisi wamevaa fulana za kampuni, ngoma, wanaume wenye viatu virefu ambavyo mimi nisingetembea navyo hata sebuleni na wao wanacheza navyo kwa lami iliyolowa. Hakuna aliyekimbia mvua. Kuna mama mmoja alipita peke yake na bango dogo la kadibodi lililolowa mpaka maandishi yanachuruzika, anampenda mwanawe, ndio lilikua linasema, mdogo wangu akaniangalia alafu akaangalia pembeni.

Lakini kuna jambo lazima niliseme kwa watu wetu, ni picha. Kila mtu ana simu juu, wapiga picha wa magazeti, wa tivii, wa mitandao, na hakuna anayekuuliza. Kwa Mwingereza hiyo si shida. Kwa mtoto wa Mombasa ambaye mama yake yuko kwa magrupu manane ya WhatsApp ni shida kubwa. Kenya bado kuna kile kifungu cha 162 cha sheria ya jinai, cha kumpa mtu miaka 14 jela kwa mapenzi ya jinsia moja, Mahakama Kuu ilikataa kukifuta Mei 2019, ingawa 2023 Mahakama ya Juu ilisema kukatalia shirika la watu hawa usajili ni ubaguzi. Uganda walipitisha sheria yao 2023 mpaka adhabu ya kifo imo ndani kwa makosa mengine, na Tanzania mtu anaweza kufungwa maisha. Na kinachoniuma ni kwamba hicho kifungu cha kwetu tuliachiwa na huyu huyu Mwingereza, yeye kwake England na Wales akaanza kukilegeza 1967, sisi tukabaki tumekikumbatia tukiambiana ni mila zetu.

Kwa hivo mdogo wangu alisimama Jumamosi yote na hood imevutwa mpaka kwenye nyusi na skafu mpaka puani. Nikamuuliza kama anaona kitu humo ndani. Akaniambia, "Wacha tu dada, leo mvua ni sitara yangu." Na ni kweli, siku ya jua angejificha vipi na hayo makoti? Kwa mvua kila mtu amejifunika, hakuna anayekutilia shaka. Kama una sababu ya kutotaka kuonekana basi usiiogope ile mvua, na usisimame mstari wa mbele wala karibu na mataa, wapiga picha wanakaa hapo.

Kwenye saa nane hivi kikapita kikundi cha wakimbizi kutoka nchi za Afrika. Manchester wana mashirika kama African Rainbow Family ambayo Aderonke Apata, mwanaharakati mzaliwa wa Nigeria, aliianzisha 2014 kusaidia watu waliokimbia kwa sababu ya mapenzi yao na wanahangaika na kesi za ukimbizi. Mimi wakati huo leso nimejitanda juu ya koti maana shingo imeganda kwa baridi. Mwanamke mmoja wa kwenye kile kikundi akapita, akarudi hatua 2, akainamisha kichwa akasoma mgongoni kwangu kwa sauti, "Japo sipati, tamaa sikati!" alafu akapiga kigelegele. Kigelegele cha harusi kabisa, Deansgate, kwa mvua. Nikamjibu kigelegele. Akasema "Haya jamani, poleni na baridi!" akakimbilia wenzake. Sijui ni wa Tanga au Unguja au wa wapi, ila ni mtu wa leso yule, anajua leso inasomwa. Mdogo wangu alicheka mpaka skafu ikashuka, akairudisha.

Jumapili tulilipia kuingia Village. Mitaa ile wikendi hiyo ilizungushiwa uzio, unaonyesha tiketi unafungwa utepe mkononi ndio unaingia. Hapa sina sifa nyingi. Foleni ya nusu saa tumesimama kwa maji, vyoo vya plastiki vya kuhesabu, soda bei ya chakula. Kama lengo lako ni kucheza mpaka alfajiri utaona pesa yako, jukwaa lilikua na sauti safi na watu wana adabu, hakuna aliyetugusa wala kutusukuma, mabaunsa walituita "my love" na mikoba wakaipekua kwa heshima. Kama si mtu wa kucheza, hiyo pesa kaitumie kwa chakula.

Canal Street yenyewe naomba uipite mchana kweupe, kabla hakujajaa. Ni barabara fupi kando ya mfereji wa Rochdale, matofali mekundu, miti, maji meusi. Miaka ya nyuma baa za pale zilikua madirisha yamezibwa ili wa nje asijue nani yuko ndani, na polisi walikua wanazivamia. 1988 serikali ilipoleta Section 28, ile ya kukataza halmashauri na shule kuzungumzia watu hawa kwa uzuri, watu zaidi ya 20,000 waliandamana hapo Manchester mwezi Februari, hebu fikiria baridi ya Februari, na sheria ile haikufutwa England mpaka 2003. Kisha 1990 ikafunguliwa baa inaitwa Manto ikiwa na vioo vikubwa mbele, wa ndani anaonekana na wa nje anaona. Nilimsimulia mdogo wangu haya tukiwa tumekaa kahawani, na yeye alikua amechagua meza ya nyuma kabisa karibu na choo. Hakusema kitu. Kikombe cha pili akasema, "Twende pale mbele, huku kunanuka," tukahamia dirishani.

Mchana ule tulitembea pia mpaka Cavendish Street, pale All Saints, si mbali sana kutoka Village. Kuna uso wa jengo la zamani, ukumbi wa Chorlton-on-Medlock, nyuma yake sasa ni chuo kikuu. Hapo Oktoba 1945 ndio palifanywa Kongamano la tano la Afrika Nzima, Nkrumah alikuako, Du Bois, yule mwanazuoni mweusi wa Marekani, alikuako, na Jomo Kenyatta wetu alikuako, wakidai Waafrika wajitawale. Kuna kibao ukutani. Hapana foleni wala tiketi, tulikua sisi wawili tu na mvua. Nilisimama pale nikawaza wale wazee walikuja mji huu kudai mtu aachwe awe mtu, na mtoto wa nchi yao amekuja mji huo huo miaka karibu 80 baadaye na dai lile lile, na hood kichwani.

Chakula: nendeni Rusholme, ile barabara ya Wilmslow inayoitwa Curry Mile, mabasi yanaenda kila dakika chache. Tulikula biriani ya kondoo kwa hoteli ndogo ya Wapakistani, si biriani ya pwani, viazi hakuna na rojo haikutengwa na wali, ila ni ya moto na sahani imejaa na walituletea chai ya maziwa bila kuuliza pesa walipoona tulivyolowa. Hapo ndio pahali pekee wikendi nzima nilipovua soksi nikaziweka juu ya radieta kwa ruhusa ya mwenyewe, mzee wa kanzu, akasema tu "weka binti, weka".

Jumatatu sasa. Mchana tulienda bustani ya Sackville, ile iliyo kando ya mfereji. Mna sanamu ya Alan Turing amekaa kwa benchi ameshika tofaha, imewekwa 2001. Kwa mdogo wangu hii ilikua kama ziara, manake kila siku darasani anasoma mambo ya huyu bwana. Turing ndio mtu aliyeweka msingi wa fikra ya kompyuta, alivunja siri za Wajerumani wakati wa vita, akaja kufanya kazi chuo kikuu cha Manchester 1948, na 1952 akashtakiwa kwa uhusiano wa kimapenzi na mwanaume, wakamchagulisha jela au sindano za homoni, akachukua sindano, 1954 akafa. Msamaha wa kifalme umekuja 2013, na tangu 2021 sura yake iko kwa noti ya pauni 50. Mdogo wangu alikaa kando yake kwa benchi iliyolowa kama dakika kumi. Mtu alikua amemfunika Turing mabegani na koti la plastiki. Nikasema nipige picha? Akafikiri, akasema, "Piga dada, lakini ikae kwako."

Usiku wa saa tatu ikawa ni mishumaa. Sikukuu hii ya Agosti chimbuko lake ni michango ya kusaidia wagonjwa wa UKIMWI, na ndio sababu inafungwa kwa kuwakumbuka. Bustani ile ile, kuna mnara wa chuma wa ukumbusho wa waliokufa na wanaoishi na virusi, na mti uliochongwa kuwakumbuka watu trans, wale wanaoishi kwa jinsia tofauti na waliyohesabiwa wakizaliwa. Sisi hatukulipa kitu, tulipewa mshumaa mmoja mmoja wenye kikombe. Ule muziki wa siku 3 ukazimwa. Watu elfu na zaidi kwa manyunyu na husikii kitu, ila matone juu ya makoti. Wanaimba kidogo, mtu anazungumza kidogo, majina, alafu kimya tena.

Nimefanya kazi na wazee miaka mingi, najua sura ya mtu aliyezika wengi, na bustani ile ilikua imejaa hizo sura. Mshumaa wa mdogo wangu ulizima mara 2. Mara ya tatu mzungu mmoja mzee, mikono inatetemeka, akaukinga kwa kofia yake akamwashia kwa wake, akamwekea mkono begani, hakusema neno na hakuondoa mkono. Basi ndio mdogo wangu akataja jina la rafiki yake wa Majengo, kule kwetu Mombasa. Huyo kijana nilimjua, alikua akija kwetu kula, tuliambiwa ni malaria na mimi nikaamini kwa sababu ilikua rahisi kuamini. Alilitaja kwa sauti ya kawaida, jina na la babake, kama tunavyotaja marehemu wetu. Nikavua leso nikatukinga wote watatu na mshumaa, mimi huku, yule mzee kule ameshika pindo. Hood yake ilikua imeshuka mabegani na nywele zimelowa chapa, sikumwambia airudishe.

Kwa anayepanga kwenda, ulizia kwanza mwaka huo nani anaandaa. Sisi tulienda kabla, ila Oktoba 2025 shirika la Manchester Pride lililokua likiendesha sherehe lilitangaza linafungwa kwa matatizo ya pesa, kwa hivo usinunue tiketi ya yeyote mpaka ujue ni nani na pesa inaenda wapi, na ulizia hasa kama mishumaa ya Jumatatu ipo. Bustani iko pale pale siku zote, siku za kawaida unaingia tu. Gwaride naipa 5, mishumaa sitaipa namba, kuingia Village 3, hoteli 1. Leso ilichukua siku 2 kukauka kwa radieta yangu Leicester, na ile harufu ya mshumaa bado iko kwenye pindo moja.